Kabla hamjachagua wimbo wa kuingilia: maneno kwa wachumba, Moshi

Haya ndo niliyoongea kwenye semina ya wachumba hapa Moshi mjini, wengi mliniomba niyaandike, nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni kwa hiyo mnisamehe mkikuta sentensi inatembea bila kupumzika.

Bwana Yesu asifiwe. Mmh, hiyo amina ya watu waliotoka kusikiliza somo la bajeti. Tena, Bwana Yesu asifiwe! Sawa, sasa mko hai.

Baba mchungaji, mama mchungaji, wazee wetu wa kanisa, wachumba na wasimamizi mliowasindikiza, nimepewa nafasi ya mwisho kabla ya chai, najua harufu ya maandazi imeshafika mpaka benchi la nyuma, kwa hiyo sitawachosha. Mimi kazi yangu mnaijua, ni yule mtu mnayemwona mgongo tu Jumapili hadi Jumapili, yuko kwenye kinanda. Na kila anayekuja kwangu kuhusu ndoa anaanza na swali lile lile, "utatupigia wimbo gani?" Leo nataka swali hilo tuliweke pembeni kidogo, maana kabla ya wimbo kuna mambo matatu yanatakiwa yajulikane: kanisa lenu lina kinanda gani, nani anakipiga, na ninyi mtatembea umbali gani kwa mwendo gani. Ukishajua hayo matatu wimbo unakuja wenyewe. Usipoyajua utachagua wimbo mzuri sana ambao siku hiyo hautasikika kama ulivyousikia.

Maana si mnajua inavyokuwa. Mtu yuko kitandani usiku, yuko YouTube, anakuta ndoa ya Ulaya huko, bi harusi anatoka kanisani, kinanda kinanguruma mpaka vioo vinataka kudondoka, asubuhi klipu iko kwenye simu yangu: "kaka, huu." Mara nyingi "huu" wenyewe ni ile Toccata ya Widor, Mfaransa, inatoka kwenye simfonia yake ya tano ya kinanda, 1879. Wimbo mtamu, sibishi. Ila angalia ile klipu vizuri, usiangalie gauni, angalia mpiga kinanda. Yule anapiga kinanda cha mabomba, upepo unasukumwa kwenye mabomba mamia kwa maelfu, ana safu kadhaa za funguo za mikono, na chini miguuni ana pedali, yaani funguo nyingine za kukanyaga. Na kwenye huo wimbo mikono yote miwili inakimbia tu haraka haraka juu, wimbo wenyewe, ile sauti nene inayokufanya usimame, uko miguuni. Sasa nenda kwenye makanisa yetu mengi hapa, Majengo, Kiboroloni, panda mpaka Marangu au Machame, utakuta kibodi ya funguo 61 imewekwa juu ya stendi, pedali yake moja ile ya kushikilia sauti. Nikikupigia Widor pale utapata mbio za mikono bila wimbo. Utakuwa umepewa mchuzi, nyama imebaki Paris.

Sisemi kibodi ni mbaya, jamani. Kibodi ina sauti ya kinanda cha kanisa ndani yake na nyingine ni nzuri kabisa, ukiiunganisha na spika zenye besi ya maana inajaza kanisa. Ninachosema ni uchague vitu vinavyokaa vizuri kwenye mikono miwili. Na viko vingi tu.

Sasa twende kwenye miguu, hapa ndo nataka tukae muda.

Kanisa likiwa na njia ya katikati ya mita 24, tufanye hivyo, na hatua ya maandamano ya harusi siyo ya kuwahi daladala, ni kama sentimita 40, basi hapo una hatua 60. Ukikanyaga hatua moja kila sekunde, umefika madhabahuni kwa dakika moja. Gauni likiwa zito, viatu virefu, baba mzazi naye magoti yake ya zamani, hatua moja inakula sekunde mbili, hiyo ni dakika mbili. Unaona tofauti? Kuna ndoa ya dakika moja na ndoa ya dakika mbili kwenye njia ile ile, na mimi niliyekaa kwenye kinanda sijui mtakuja na ipi mpaka nione mguu wa kwanza. Wimbo mrefu utakatwa katikati. Wimbo mfupi utaisha bi harusi akiwa bado kwenye benchi la saba, halafu kimya, zinasikika soli za viatu tu na mtoto wa mtu analia.

Ndo maana watu kama mimi tunaipenda sana ile Kanoni ya Pachelbel, ile ya ki ya D, ki ni ile ngazi ya sauti wimbo unakokaa. Wengi mnaijua kwa sikio hata kama jina hamlijui. Pachelbel alikuwa mpiga kinanda Mjerumani wa karne ya 17, ila wimbo wenyewe hakuuandikia kinanda, ni wa violini tatu na besi, na ulikaa karne nyingi watu hawaujui, ukaja kushika dunia baada ya kurekodiwa Ufaransa mwaka 1968. Sasa utamu wake kwa harusi ni huu: chini yake kuna besi ya noti 8 tu, zinajirudia mwanzo mpaka mwisho, mara 28. Ukipiga kwa mwendo wa pigo moja kwa sekunde, kila mzunguko ni sekunde 8. Maana yake kila baada ya sekunde 8 nina mlango wa kutokea. Bi harusi amefika mapema? Namaliza mzunguko, natua, hakuna aliyejua. Amesimama katikati kwa sababu mkia wa gauni umekanyagwa na mtoto wa maua? Nazungusha tena, na tena, nitazunguka mpaka kesho. Wale mnaoingia pamoja, bwana na bi harusi nyuma ya mchungaji kwenye maandamano, na wale mnaoingia na baba, wote inawafaa.

Kuna mwingine mnaupenda, ule wa Bach unaotoka kwenye kantata yake namba 147, yaani kazi ya kuimbwa ibadani, aliyoipiga Leipzig 1723, wengi wanaujua kwa jina la Kiingereza linalomtaja Yesu furaha ya wanadamu. Mzuri mno, na kwenye mikono miwili unakaa. Lakini mapigo yake yanakwenda tatu tatu. Na binadamu ana miguu miwili. Pigo zito la kwanza linaangukia mguu wa kulia, la pili linaangukia wa kushoto, mnaanza kuyumba kama mnacheza waltz bila kukusudia, na bwana harusi ambaye hakufanya mazoezi anaanza kuangalia viatu vyake. Huo naupiga watu wakiwa wanaketi kabla ibada haijaanza, au wakati wa kusaini. Wa kutembelea, hapana.

Haya, sasa tuje kwa wale mabingwa wawili, ule wa kuingilia mnaoujua wote, taa, ta-ta-taa, na ule wa kutokea wenye tarumbeta, ta-ta-ta-taa. Kila kamati ya harusi inaniandikia hivyo hivyo kwenye grupu la WhatsApp, kwa midomo, na mimi naelewa.

Wa kuingilia ni wa Wagner, unatoka kwenye opera yake ya Lohengrin iliyochezwa mara ya kwanza Weimar, Ujerumani, mwaka 1850. Nawaombeni mjue stori yake kabla hamjauchagua. Kuna binti anaitwa Elsa anaokolewa na shujaa aliyetokea tu kusikojulikana, shujaa anakubali kumuoa kwa sharti moja, usiniulize jina langu wala nilikotoka. Wanaoana. Wimbo huo mnaoingilia, kule unaimbwa ndoa ikiwa imeshafungwa, maharusi wanasindikizwa chumbani kwao. Na usiku ule ule, kabla hawajalala, Elsa anauliza jina. Kumbe ndo basi tena, shujaa anaondoka, na opera inaisha binti anaanguka anakufa. Yaani hiyo ndoa haikufika asubuhi! Sasa mama mkwe wako akiwa na mpwa wake aliyesoma muziki pale chuo cha Makumira, ataambiwa hiyo stori ukumbini wakati wa keki, shauri yako. Kuna makanisa duniani, ya Kilutheri na ya Kikatoliki, ambako mchungaji au padre anaukataa kabisa, anasema ni wa jukwaani siyo wa ibadani. Mimi sikatai kwa ukali. Nikiombwa na mchungaji ameruhusu, napiga. Ila nikiulizwa maoni yangu, maoni yangu mmeshayasikia.

Wa kutokea ni wa Mendelssohn, na huyu namtetea kwa nguvu zote. Aliuandika 1842 kwa ajili ya mchezo wa Shakespeare, ule wa ndoto ya usiku wa kiangazi, na kwenye mchezo huo jozi tatu zinaoana siku moja, kama sisi tu mwezi wa kumi na mbili watu wakishapanda kutoka Dar, ibada moja maharusi wamepangwa mstari mbele. Mendelssohn familia yake ilikuwa ya Kiyahudi, akabatizwa akiwa mtoto wa miaka 7, akakua Mprotestanti, akaja kufanya kazi Leipzig, na ndiye aliyewafanya watu wamkumbuke Bach baada ya kuipiga tena ile kazi yake kubwa ya Mateso ya Mathayo mwaka 1829. Sasa sikilizeni kituko. Mwaka ule ule wa 1850 ambao Lohengrin ilichezwa, Wagner aliandika makala ya kuwatukana wanamuziki wa Kiyahudi, na mmoja wa aliowashambulia ni Mendelssohn, ambaye alikuwa ameshakufa miaka mitatu nyuma, hawezi kujibu. Na akaandika kwa jina la bandia! Halafu sisi miaka yote tunawafungisha pamoja, huyu anafungua mlango, yule anafunga.

Na wote hao, Bach aliyefanya kazi pale mpaka kufa 1750, Mendelssohn, hata Wagner aliyezaliwa pale 1813, ni wa Leipzig, mji ule ule uliotuma wamisionari wa Kilutheri waliofika huku Kilimanjaro 1893. Kwa hiyo mtu akikuambia muziki wa kinanda ni wa wageni hauhusiani na sisi, mwambie babu wa babu yangu alifundishwa korali na watu wa mji huo huo. Umeshakaa huku zaidi ya miaka 130, ni wa kwetu sasa.

Halafu niongeze moja, ni ya pembeni lakini siwezi kuiacha nikiwa Moshi. Huo wa Mendelssohn ulipata umaarufu wa harusi tarehe 25 Januari 1858, London, binti mkubwa wa Malkia Victoria alipoolewa na mwanamfalme wa Prussia. Mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume. Mtoto huyo ndo Kaiser Wilhelm wa pili, yule tunayehadithiwa kwamba bibi yake Malkia alimpa mlima wetu kama zawadi ya birthdei. Hadithi ya mlima ni ya kijiweni tu, mstari wa mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani kwa makubaliano yao ya 1886. Ila mama yake kutoka kanisani na wimbo huu, hiyo ni kweli.

Kwenye kibodi Mendelssohn anakubali. Ule mwito wa tarumbeta wa mwanzo nauanza pale mnapogeuka kuwatazama watu, siyo mnapoanza kutembea, mpeni mtu wa picha sekunde zake, halafu wimbo ukifunguka ndo mguu wa kwanza. Mkianza kutembea kwenye mwito mtafika mlangoni kabla utamu haujaanza.

Na kama kanisa lenu lina kikundi cha matarumbeta, na makanisa yetu ya huku mengi yanacho, mimi ningewaambia acheni Mendelssohn, chukueni ule wa Jeremiah Clarke, Mwingereza, wa mwaka 1700 hivi, ambao zamani watu walidhani ni wa Purcell. Ndo aliouingilia Diana kanisa la Mtakatifu Paulo mwaka 1981, na gauni lenye mkia wa mita zaidi ya 7, alitembea kama dakika tatu na nusu. Huo ni wa kinanda na tarumbeta, unatembeleka, mapigo yake manne, mguu kulia mguu kushoto hakuna wasiwasi. Kawaida unapigwa ki ya D, vijana wetu wa tarumbeta ki hiyo inawatesa, wao wanapenda B-flati, basi mimi nabonyeza kitufe cha transpozi, kile kinachohamisha sauti za kibodi nzima kwenda ki nyingine, wao wanapiga pale walipozoea, na raha yake ni kwamba mkitoka nje wale wale vijana wanapanda pikapu wanawasindikiza mpaka ukumbini. Hamjalipa mara mbili. Kamati sikieni hilo.

Wakati wa kusaini sitakaa sana. Maharusi mnasaini, mashahidi wenu wawili wanasaini, mchungaji anasaini, mtu anatafuta kalamu inayoandika. Hapo kwaya ikiimba ni bora kuliko mimi. Kama hakuna kwaya, napiga taratibu kitu kinachoweza kukatwa. Wanaoniomba Ave Maria ya Schubert wajue ni shairi la Walter Scott, binti amejificha anamwomba Mama Maria, 1825 Schubert akalitia muziki, wala halikuwa la harusi. Kwa wenzetu Wakatoliki kule Kibosho haina shida. Kwetu muulizeni mchungaji kwanza. Ile Ave Maria nyingine ya Gounod, chini yake imelala prelyudi ya Bach, yaani kipande cha utangulizi, ya 1722, nikipiga bila maneno, nani atalalamika, ni Bach.

Na nyimbo za mapenzi za redioni msiniletee, nawaheshimu wasanii wetu ila nafasi yao ni ukumbini, didjei yupo na amelipwa.

Kitu ambacho hamniulizi kabisa ni nyimbo za ibada yenyewe, zile za kitabu chetu cha Mwimbieni Bwana. Mnatumia wiki tatu kubishana wimbo wa kuingilia wa dakika mbili, halafu nyimbo tatu nne ambazo kanisa zima litaimba mnamwachia katekista achague Ijumaa jioni. Chagueni ninyi. Na chagueni ambazo shangazi zenu wanazijua bila kitabu. Watu wametoka Rombo na Arusha na Dar, wengine siyo Walutheri, wakiimba wote sauti nne kinanda kinakuwa kinasindikiza tu, na hapo hata kama kibodi yenu ni ya zamani, hakuna atakayejua.

Tena kuna mvua. Kwaresma kwa kawaida hatufungishi ndoa, kwa hiyo Pasaka ikipita kila mtu anataka tarehe, na Pasaka ikipita huku ni masika. Mvua ya Moshi kwenye bati, kibodi yenye spika ndogo haisikiki benchi la tatu, prelyudi yako ya upole itaimbiwa malaika peke yao. Ndoa ya mwezi wa nne au wa tano, chagueni vitu vyenye sauti kubwa, matarumbeta, kwaya. Umeme nao ukikatika kibodi inazima palepale katikati ya noti, kwa hiyo ulizeni kama jenereta ya kanisa inafanya kazi, msiulize kama ipo, ipo miaka yote.

Mpiga kinanda mwoneni mapema, mwezi mmoja kabla angalau, muwe nae mazoezi mara moja mkiwa na viatu vile vile vya siku yenyewe. Nani anawapa ishara kwamba bi harusi yuko mlangoni? Mwekeni mtu, mpwa mwenye akili, anyooshe mkono, maana mimi nimewapa mgongo. Halafu kwenye ile karatasi ya bajeti, kuna emsii, kuna mapambo, kuna keki ya ghorofa, nimetafuta mstari wa mpiga kinanda sijauona. Nacheka lakini siyo utani. Wengi tunapiga kwa kujitolea na tutaendelea, ila nauli ya kuja mazoezini na kurudi haijitolei.

Naona mama mchungaji anaangalia saa. Tufanye kitu kimoja halafu chai. Kibodi iko hapa, njia ya katikati ni hii. Wewe dada mwenye blauzi ya kijani na mwenzio, naombeni msimame mwende mlangoni. Usicheke, kaka, mpe mkono. Na wewe pale mwenye simu, washa stopwochi. Mimi naanza Kanoni, ninyi njooni kwa mwendo mnaoutaka, msinifuate mimi, mimi ndo nitawafuata, na wengine wote hesabuni nitazungusha mara ngapi mpaka wafike kwa baba mchungaji. Tayari? Mguu wowote.